Kwa nini ndege ya mwanafunzi hupakwa rangi nyeusi



Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani kama ada yetu, kahawa imeshazunguka mara ya pili, kijana mmoja akatoa simu akatuonyesha video ya ndege ya kijeshi. Ndege nyembamba ya jeti, viti viwili, kimoja nyuma ya chengine, nyeusi ti kama makaa. "Hii ni ya kuvamia usiku," akasema. "Ndiyo maana ikapakwa nyeusi, isionekane." Mwenzake akaongeza kwamba lazima ni ya ujasusi.

Nikawaambia, hapana. Hiyo ni ndege ya skuli. Wanaoirusha ni vijana wa umri wenu wanaojifunza urubani, na imepakwa nyeusi ili ionekane, tena mchana kweupe. Wakacheka kweli kweli. Nyeusi ili ionekane?

Aliyeniokoa ni ami yangu, ambaye amevua samaki tangu hajabaleghe. Aliweka kikombe chini, akauliza swali moja tu: "Mukiwa ufuoni, mukatazama juu, pana kunguru na pana yangeyange wanaruka mbali. Yupi mutamuona mwanzo?"

Baraza likanyamaza. Kila mtu anajua jibu. Yangeyange ni mweupe na hupotea ndani ya mawingu. Kunguru utamuona mpaka awe nukta.

Nikaona jambo hili linafaa makala ya wiki hii. Wengi wetu huzitazama rangi za ndege za kijeshi tukadhani ni urembo au vitisho. Ukweli ni kwamba rangi ya ndege ya mafunzo ina maneno ndani yake. Hukwambia mwenye ndege anaogopa nini: kutoonekana, au kuonekana.

Ndege moja, nguo nyingi

Tuichukue ndege ile ile ya kwenye simu. Inaitwa Hawk, ni ya Kiingereza, na iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Agosti 1974. Jeshi la anga la Uingereza likaanza kuitumia mwaka 1976. Mwanafunzi hukaa kiti cha mbele, mkufunzi hukaa nyuma yake, na kiti cha nyuma kimeinuliwa ili mkufunzi aone mbele juu ya kichwa cha mwanafunzi. Zimetengenezwa takriban 1,000, na zimeuzwa nchi nyingi ambazo sisi watu wa pwani tuna jamaa zetu huko: Oman, Saudia, Imarati, Kuwait, Bahrain. Sisi wenyewe Kenya tulikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo kabisa wa nje. Aina ya 51 ilikwenda Finland, aina ya 52 ikaja kwetu, aina ya 53 ikaenda Indonesia. Za kwetu zilikuwa 12, na zilianza kuwasili mwaka 1980.

Sasa itazame ndege hiyo moja ilivyovishwa. Huko Valley, Wales, ambako wanafunzi wa Uingereza walijifunzia jeti, mwanzoni ilikuwa nyekundu na nyeupe. Mwanafunzi akishafuzu hapo alihamishiwa Brawdy au Chivenor kujifunza kutumia silaha, na huko Hawk hiyo hiyo ilikuwa na mabaka ya kijani na kijivu. Katika miaka ya 1980 baadhi yake zilifungwa makombora ili zisaidie ulinzi wa nchi ikiwa vita vitazuka, zikapakwa kijivu kitupu. Vita Baridi vilipokwisha, zile za mafunzo zikapakwa nyeusi ya kung'aa. Nchi moja, ndege moja, nguo nne ndani ya miaka ishirini. Haikuwa fasheni. Kila mara kazi ilibadilika, na nguo ikabadilika nayo.

Enzi za manjano

Fikra ya kumvisha mwanafunzi rangi yake ni ya zamani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walizipaka ndege zao za mafunzo rangi ya manjano. Maana yake ilikuwa ile ile ya kibao cha L tunachokiona nyuma ya gari la skuli ya udereva pale mjini: kaa mbali, huyu bado anajifunza, anaweza kufanya lolote.

Vita vilipoanza, Disemba 1939, Uingereza na nchi za himaya yake zilikubaliana kuwafundisha marubani mbali na mabomu ya Ujerumani. Kazi kubwa ilifanywa Canada, ambako zaidi ya watu 130,000 wa kazi za angani walifuzu. Ndege aina ya Harvard walizojifunzia zilikuwa za manjano, na wenyeji walizitambua kwa rangi na kwa mvumo wake mkali. Marekani nayo ilizipaka manjano ndege za mafunzo za jeshi la majini, na wanajeshi wakazipa jina la utani la Hatari ya Manjano.

Tatizo la zama hizo ni kwamba vita vilikuwa karibu. Kwa hivyo Uingereza ikafanya kitu cha katikati: juu ya ndege wakapaka mabaka ya kijani na kahawia ili adui anayepita juu asiione ikiwa imeegeshwa, na chini wakabakisha manjano ili walio ardhini wajue huyu ni mwanafunzi. Ndege moja, upande mmoja unajificha, upande mmoja unapiga kelele.

Baada ya vita zilikuja rangi za fedha zenye mikanda ya manjano, kisha vipande vya rangi ya chungwa inayowaka, ile tunayoiona kwenye vizibao vya askari wa barabarani. Rangi hiyo ni kali lakini ina ila. Jua huila haraka. Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kupaka mlango unaotazama bahari anajua jua na chumvi hufanya nini. Rangi ikishafifia, faida yake imekwenda.

Kwa nini nyeusi ikashinda

Hapa ndipo vijana wa barazani walipotaka maelezo, nami nitawapa kama nilivyowapa wao.

Jeti mbili za mafunzo zinazoruka chini hukimbia kama kilomita 780 kwa saa kila moja. Zikija uso kwa uso, zinasogeleana kwa zaidi ya mita 430 kila sekunde. Sasa hesabu: jicho liione ndege nyengine, akili itambue kwamba ni ndege na inakuja kwako, mkono uvute usukani, na ndege yenyewe ikubali kugeuka. Yote hayo huchukua kama sekunde 10 au zaidi. Ndani ya sekunde 10 mushakula zaidi ya kilomita 4. Kwa hivyo ukimuona mwenzako akiwa umbali wa chini ya hapo, umechelewa.

Na katika umbali wa kilomita 4, Hawk ikionekana kwa mbele ni kitu gani? Mabawa yake yana upana wa mita 9 na kitu. Chukua punje moja ya mchele, iweke ukutani, kisha usimame mita 3 kutoka hapo. Ndiyo hiyo. Tena punje ni nene, mabawa ni membamba. Kijana wa miaka ishirini na kidogo, anayetazama saa zake, anayemsikiliza mkufunzi masikioni na kusoma ramani, anatakiwa aione punje hiyo.

Katika umbali huo rangi hufa. Hili nalo wavuvi wanalijua. Jahazi likiwa karibu unaona rangi za ubavuni, likiwa mbali kila kitu huwa kijivu cha samawati, kwa sababu hewa yenye unyevu na vumbi iliyo katikati huchanganya mwanga. Nyekundu haiwi nyekundu tena. Kinachobaki ni kitu kimoja tu: je, hicho kitu ni cheusi kuliko kilicho nyuma yake, au ni cheupe kuliko kilicho nyuma yake?

Na kilicho nyuma ya ndege, mara nyingi, ni mbingu. Mbingu ya mchana, hata yenye mawingu, ni ang'avu sana. Huwezi kuipaka ndege nyeupe ya kuishinda mbingu kwa mwanga. Ukijaribu, utaifananisha nayo, na hapo ndipo yangeyange anapopotelea. Lakini nyeusi ni rahisi kuwa nyeusi kuliko mbingu. Mapema katika miaka ya 1990 Waingereza walifanya majaribio ya rangi mbalimbali, na nyeusi ikawa ndiyo inayoonekana kwa mbali zaidi. Tangu hapo Hawk na ndege zao nyengine za mafunzo ya kijeshi zikavaa nyeusi. Canada nayo Hawk zake ilizipaka samawati iliyokoza sana, karibu na usiku. Na juu ya rangi, wanatumia taa. Hawk ina taa puani, ili anayekuja mbele aone nuru kabla ya kuona umbo.

Kwa hivyo kijana wetu alikosea, lakini hakukosea kipumbavu. Usiku, nyeusi hujificha. Mchana, mbele ya mbingu, nyeusi ndiyo inayopiga kelele.

Wanaotaka kujificha

Lakini si kila nchi ina fedha za kununua ndege ya kusomea peke yake. Nchi nyingi hununua ndege moja ifanye kazi mbili: asubuhi isomeshe, na siku ya shida ibebe mabomu. Ndege kama hiyo haiwezi kuvaa manjano wala nyeusi ya kung'aa. Huvaa mabaka: juu rangi ya ardhi ya nchi ile, kijani cha msitu au mchanga wa jangwa, na chini samawati nyepesi au kijivu ili anayetazama kutoka ardhini aione kama mbingu. Hii ndiyo rangi ya mwenye kuogopa kuonekana.

Ndege za Hawk zilizokuja Kenya zilikuwa za aina hiyo ya kazi mbili, za kusomesha na za kubeba silaha. Kabla yake tulikuwa na Strikemaster 6, jeti iliyozaliwa kutokana na ndege ya mafunzo ya Kiingereza iitwayo Jet Provost. Walichukua ndege ya wanafunzi, wakaimarisha mabawa na injini, wakaifunga silaha.

Strikemaster hizo wenzetu wa Oman wanazikumbuka. Tarehe 19 Julai 1972, katika vita vya Dhofar, kikosi kikubwa cha waasi kilivamia mji mdogo wa Mirbat alfajiri. Waliuchagua msimu huo makusudi. Ni wakati wa kusi, upepo ule ule tunaoujua sisi, ambao ukifika Dhofar huleta mawingu mazito ya chini na manyunyu, wenyewe huita khareef. Walidhani ndege hazitaweza kuruka. Strikemaster zikaja kutoka Salalah chini ya mawingu, karibu kugusa ardhi, na zilikuwa sababu kubwa ya mji kutotekwa. Ndege iliyoanza maisha yake kama darasa.

Na sisi tuna kumbukumbu yetu, chungu zaidi. Wakati wa vita vya Mau Mau, kuanzia mwaka 1953, Waingereza walizileta Harvard kutoka Rhodesia, ndege zile zile za kusomea nilizozitaja juu, zikafungwa bunduki na mabomu madogo ya kilo 9, zikatumwa juu ya misitu ya Aberdare. Waliokuwa chini ya miti ile hawakuulizwa kama ndege hiyo ni ya mwanafunzi au ya nani. Kwa hivyo msomaji wangu usidanganyike na neno "mafunzo". Ndege ya mafunzo ni ndege ya kijeshi, na siku moja ikibadilishwa nguo, hubadilishwa na kazi.

Wanaotaka kusifiwa

Lipo kundi la tatu, nalo ndilo wengi wetu tunalolijua kutoka kwenye televisheni: ndege za maonyesho. Nyingi ni ndege za mafunzo, kwa sababu ni nyepesi, zinageuka kwa urahisi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya ndege za kivita.

Waingereza wana Red Arrows, ndege tisa nyekundu. Wachache wanajua kwamba mwaka mmoja kabla ya kuundwa rasmi, yaani 1964, kulikuwa na kikosi kilichorusha ndege aina ya Gnat zilizopakwa manjano, rangi ya mwanafunzi wa zamani. Nyekundu ilikuja na msimu wa 1965, na Hawk ikachukua nafasi ya Gnat kuanzia maonyesho ya 1980. Wafaransa hurusha Alpha Jet zenye samawati, nyeupe na nyekundu za bendera yao. Saudia wana kikosi chao cha Hawk tangu 1998, kijani na nyeupe, na wakitoa moshi angani hata asiyejua kusoma anajua ni wa nani.

Hapa rangi haiogopi chochote. Inajitangaza. Inasema, tazameni, vijana wetu wanaweza.

Chungwa juu ya bahari

Nimeiacha rangi moja makusudi ije mwisho, kwa sababu ndiyo inayotuhusu sisi.

Jeshi la majini la Marekani lina ndege ya mafunzo inayoitwa T-45. Ni Hawk ile ile iliyorekebishwa, ikapewa magurudumu ya nguvu na ndoana mkiani ili iweze kutua juu ya manowari za kubebea ndege. Lakini Wamarekani hawakuipaka nyeusi. Wameipaka nyeupe yenye mapande makubwa ya rangi ya chungwa kwenye pua, mabawa na mkia.

Kwa nini watu wawili wenye ndege moja na hofu moja wachague rangi tofauti? Rudi kwenye swali la ami yangu, lakini uligeuze. Safari hii wewe uko juu, unatazama chini, na nyuma ya ndege haiko mbingu, iko bahari. Bahari ni samawati, kijani, mara nyeusi, na povu lake jeupe. Nyeusi hupotea humo. Nyeupe hufanana na povu. Lakini chungwa haipo baharini. Na ndege ikianguka majini, kipande cha bawa cha rangi ya chungwa ndicho kinachomwambia mtafutaji: hapa. Ndiyo maana pia ndege zinazofanya kazi kwenye nchi za barafu hupakwa mkia na ncha za mabawa nyekundu. Hakuna nyekundu katika theluji.

Basi hakuna rangi moja inayoonekana kila mahali. La kuuliza ni: anayekutafuta atakuona mbele ya nini?

Niliposoma habari ya T-45 mara ya kwanza, nilisita kidogo. Miaka mingi iliyopita mtoto wa ami yangu, huyu huyu wa barazani, alitoka kuvua na mwenzake, mashine ikazima nje ya miamba, na kusi ikawachukua. Mashua yao ilikuwa samawati. Wenyewe waliipaka, ilikuwa nzuri, imeandikwa jina kwa herufi nyeupe. Siku ya pili, alivyotusimulia baadaye, mashua ya watafutaji ilipita karibu kiasi cha kusikia mashine yake. Alisimama, akapunga shati. Shati lilikuwa jeupe. Bahari siku hiyo ilikuwa imejaa povu jeupe. Wakapita.

Siku ya tatu wavuvi wengine waliwakuta kwa bahati tu, na yeye akarudi nyumbani. Mwenzake hakurudi hai. Mola amrehemu.

Simlaumu aliyepita. Nimeshaieleza hesabu ya jicho hapo juu, na hesabu hiyo haina huruma kwa rubani wala kwa nahodha. Mtu mzima, mwenye nia njema, anatazama moja kwa moja na haoni.

Juzi usiku niliwasimulia vijana haya yote. Ami hakusema kitu. Alipoinuka kwenda kulala alimgusa bega yule mwenye simu, akamuuliza kama bado anatoka na mashua ya babake. Kijana akaitikia. "Rangi gani?" Kijana akainamisha kichwa, akasema samawati.

Hiyo ndiyo nasaha yangu wiki hii, na haina gharama kubwa. Hatuna haja ya kuacha rangi zetu nzuri za mashua, na majina yetu, na macho yanayochorwa puani. Lakini mwenye chombo apake ndani ya mashua, au ubao wa juu wa kukalia, mahali panapoonekana na mtu aliye juu, rangi ya chungwa kali. Aiangalie kila msimu, kwa sababu jua litaila. Na aweke kitambaa cha rangi hiyo hiyo chini ya ubao, kikubwa kama shuka, cha kupunga siku ya shida badala ya shati jeupe. Jeshi la majini la Marekani linazipaka ndege za wanafunzi wake rangi hiyo. Sisi tunaolala na kuamka na bahari tuna sababu zaidi.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.